Kipigo Kinachotangulia Hatua

Mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson hajasahau kutembea. Misuli ya mapaja bado ina nguvu, magoti yanakunjika, na kichwani anajua fika kwamba anataka kutoka chumbani kwenda uani. Kinachokwama ni ule mwanzo. Anafika kwenye kizingiti, pale njia inapokuwa nyembamba, nyayo zinagandia sakafuni huku kiwiliwili kikiendelea kwenda mbele. Visigino vinanyanyuka, vidole vinabaki pale pale, magoti yanatetemeka, na kama hakuna ukuta wa kushika anaanguka. Kisha mtu aliye karibu naye anaanza kuhesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, au anapiga makofi kwa mpangilio, na mguu ule ule uliogoma unanyanyuka na kuvuka. Si kila mgonjwa, wala si kila siku, lakini jambo hili limeonekana mara nyingi mno kuitwa bahati. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba katika sehemu kama Kingerikiti, kwenye vilima vya wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma, ambako daktari bingwa wa mishipa ya fahamu yuko mbali na miguu ndiyo usafiri wa kila siku, mdundo unastahili kutolewa kama tiba na kupimwa kama tiba. Tusiuache ubaki kitu cha kumchangamsha mzee akiwa ameketi barazani.

Nianze na ubongo, maana bila kuelewa kilichoharibika mambo haya yanaonekana kama mazingaombwe. Mtu mzima anayetembea hafikirii hatua zake. Anaongea, anabeba kuni, anamwangalia mtoto asikimbilie barabarani, na miguu inakwenda yenyewe, kwa sababu sehemu za ndani kabisa za ubongo zimepokea kazi hiyo na kuifanya kimya kimya, zikitoa ishara ya wakati: sasa huu, sasa ule. Sehemu hizo zinategemea dopamini, kemikali inayotengenezwa na seli chache zenye rangi nyeusi zilizo chini ya ubongo. Katika Parkinson seli hizo zinakufa polepole, na dalili zinapojitokeza wazi nyingi zimekwisha kupotea. Daktari wa London, James Parkinson, alieleza dalili hizo mwaka 1817: kutetemeka mkono ukiwa umetulia, mwili kuinama, hatua kufupika na kuharakishwa. Alichokiona kwa macho tunakijua leo kwa undani zaidi. Ishara ya ndani inayosema "sasa" imedhoofika. Mgonjwa anabaki na njia ya pili, ile ya kutembea kwa kukusudia kila hatua, na njia hiyo inachosha na inavunjika mara tu akili inapovutwa na jambo jingine.

Hapo ndipo kipigo kinapoingia. Sikio limeunganishwa kwa karibu sana na mitambo ya mwendo, na jambo la maana katika mdundo ni kwamba unatabirika. Anayesikia vipigo vitatu vilivyopishana sawasawa anajua cha nne kitatua lini, na mwili unaanza kujiandaa kabla hakijatua. Maandalizi hayo yanaweza kupitia ubongo mdogo wa nyuma na sehemu za juu zinazopanga mwendo, bila kusubiri zile seli zilizokufa. Mdundo haurudishi dopamini hata chembe. Unampa mgonjwa kutoka nje kile ambacho ndani hakipatikani tena, na kila kipigo kinakuwa kama jiwe lililopangwa mtoni: anayevuka hana haja ya kubuni pa kukanyaga, anajua jiwe linalofuata liko wapi.

Ushahidi si wa jana. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha jaribio la wiki 3 ambamo wagonjwa walitembea nusu saa kila siku wakifuata muziki uliotiwa vipigo vya wazi. Kasi yao ilipanda kwa takribani robo, na hatua zikarefuka, kuwapita wale waliotembea muda ule ule bila mdundo. Mwaka 2007 likafuata jaribio kubwa zaidi la Ulaya, likiongozwa na Alice Nieuwboer wa Leuven, Ubelgiji, kwa wagonjwa 153 waliofundishwa majumbani mwao. Nitalirudia jaribio hili, kwa sababu wanaotaka kuuza tiba ya sauti kwa mbwembwe huwa hawapendi kulitaja lote.

Ila utafiti unaotuhusu sisi zaidi ulifanyika hapa Tanzania, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Richard Walker, Catherine Dotchin na wenzao walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000 wakiwatafuta wenye Parkinson, na taarifa yao ya mwaka 2008 iliwataja 33. Walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa "wazee tu," au wamepooza, au wamerogwa. Kutoka katika kundi hilo, watu 21 ambao hawakuwa wamewahi kumeza dawa ya Parkinson walifundishwa kutembea kwa kufuata kipigo cha metronomu, kile chombo kinachogonga kwa nafasi sawa, katika vipindi 9 vya nusu saa kila kimoja. Taarifa ilitoka mwaka 2010, mwandishi wake wa kwanza akiwa Lynn Rochester, na majina ya Msuya na Minde yakiwa miongoni mwa waandishi. Wagonjwa walipopimwa baada ya mafunzo, bila kipigo chochote kulia, walitembea kwa kasi zaidi na kwa hatua ndefu zaidi kuliko mwanzo, na mwendo wao ulikuwa bora hata walipopewa kazi ya pili ya kufanya wakiwa wanatembea.

Naomba msomaji akae na utafiti huu kidogo. Kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ambao karibu wote wanatumia dawa ya levodopa, daima kuna swali: je, ni mdundo uliosaidia, au ni dawa iliyofungua mlango na mdundo ukapita tu? Hai ilijibu sehemu ya swali hilo, kwa sababu ambayo kwa kweli ni ya huzuni: dawa haikuwepo. Wazee wa miaka ya sabini, kwenye njia za udongo, bila kidonge hata kimoja, walibadilisha mwendo kwa saa nne na nusu za mazoezi. Ni kweli utafiti ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la pili la kulinganisha, na hakuna mtu makini atakayejenga sera ya taifa juu ya watu 21. Lakini mwelekeo wake unafanana na wa majaribio makubwa, na ulipatikana katika mazingira yanayofanana na yetu kuliko kliniki yoyote ya Leuven.

Sasa tuje Kingerikiti. Kata hii ilikuwa Mbinga kabla wilaya ya Nyasa haijakatwa na makao yake kuwekwa Mbamba Bay. Ni nchi ya miinuko, kahawa na mihogo, ambapo kutoka nyumba hadi shamba ni kupanda au kushuka, na tambarare ni uwanja wa shule au wa kanisa. Sensa ya 2012 iliihesabia Nyasa nzima watu zaidi ya 140,000, karibu na idadi iliyotafutwa kule Hai. Kwa uwiano ule ule tungetarajia wagonjwa wapatao thelathini wilaya nzima, hata kama hesabu hii ni ya makisio, kwa kuwa wazee wa huku na wa kule hawalingani kwa idadi. Thelathini ni wachache. Uchache huo ndio unaowafanya wasionekane: mmoja kijiji hiki, mwingine vijiji vitano mbele, na mganga wa zahanati anaweza kukaa miaka asimwone hata mmoja akiwa na hali ya wazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kadiri watu wa Ruvuma wanavyoishi muda mrefu, idadi ya huku itaongezeka nayo.

Na katika nchi hii hii ya miinuko kuna ngoma ya mganda. Kuanzia ufukweni Liuli na Mbamba Bay hadi kwa Wamatengo wa Mbinga, wanaume hujipanga kwa mistari, ngoma kubwa inashika kipigo, vibuyu vinaitikia, na miguu mingi inatua kwa pamoja. Wanawake wana kioda. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma za beni, aliuhusisha mganda na gwaride la kijeshi la zama za Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo katika Ziwa Nyasa vilianzia pale pale Liuli, Agosti 1914, boti ya Waingereza ilipoishambulia meli ya Wajerumani. Asili hiyo ya gwaride ina uzito katika hoja yangu. Gwaride ni ufundi wa kuwafanya watu wengi waweke mguu chini kwa wakati mmoja kwa kufuata ngoma, na ndicho hicho hicho ambacho mtaalamu wa fiziotherapia anajaribu kumfanyia mgonjwa mmoja. Mzee wa Kingerikiti aliyecheza mganda ujanani ana miaka mingi ya kuunganisha kipigo cha ngoma na kutua kwa unyayo. Ni mtaji ambao mgonjwa wa mjini aliyekulia mbele ya redio huenda hana. Simone Dalla Bella na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba wagonjwa wanaonufaika zaidi ni wale ambao uwezo wao wa kushika mdundo haujapotea, na hilo linanipa matumaini kwa watu waliolelewa katika ngoma.

Lakini lazima nitofautishe mdundo na sauti, maana chini ya jina la tiba ya sauti kunauzwa mambo mengi. Katika karne ya 19 Jean-Martin Charcot, bingwa wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliona kwamba wagonjwa wake walijisikia nafuu baada ya safari ndefu za treni au za gari la farasi, akatengenezewa kiti cha kutikisika. Ilionekana tiba nzuri. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walilijaribu wazo lile upya: kundi moja likaketi kwenye kiti kinachotikisika huku likisikia sauti za kutuliza, jingine likasikia sauti bila kutikiswa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na halikuwapo la kulishinda jingine. Ninachokisoma hapo ni kwamba kutulia, kusubiri kwa matumaini na kuhudumiwa kwa upole vinampa mgonjwa nafuu ya kweli, ila nafuu hiyo haituambii kwamba mtikisiko una nguvu ya kipekee. Kwa hiyo mtu akija Mbamba Bay na bakuli la shaba au kiti cha mtetemo akidai anaponya Parkinson, aulizwe amemlinganisha mgonjwa wake na nani. Kipigo cha hatua kimelinganishwa na kutembea bila kipigo, na kimeshinda. Tena hakiondoi kutetemeka kwa mkono. Kinagusa mwendo, na tusikiongezee sifa zisizo zake.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, linatoka ndani ya lile jaribio la Ulaya la 2007. Nafuu ilipatikana, lakini ilikuwa ya kiasi, asilimia chache tu kwenye vipimo vya mwendo na mkao, na wagonjwa walipopimwa tena wiki 6 baada ya mafunzo kusimama, sehemu kubwa ilikuwa imeyeyuka. Anayepinga atasema: mnataka kuhangaika na kitu kinachodumu mwezi mmoja? Mimi naona matokeo hayo yanaonyesha aina ya tiba tuliyo nayo mkononi. Kuna tiba zinazofanya kazi maadamu zinatumika, na levodopa yenyewe ni ya namna hiyo, maana kidonge cha asubuhi hakimfikishi mgonjwa jioni. Kama mdundo nao ni hivyo, basi mafunzo ya wiki 3 yatolewayo na mgeni anayeondoka hayafai, na kinachofaa ni kitu kinachojirudia kila wiki mwaka mzima. Kliniki ya Ulaya inaumia hapo, kwa sababu kumlipa mtaalamu kila wiki ni ghali. Kijiji chenye kikundi cha ngoma kinachokutana hata hivyo, msimu hadi msimu, kina nafasi ambayo kliniki haina.

Pingamizi la pili ni kwamba mganda si metronomu, na hili ni sahihi kabisa. Mpigaji hodari hupamba. Huchelewesha, hukatiza, huweka kimya cha makusudi ili wachezaji waonyeshe madoido. Madoido hayo yanaweza kumwangusha mgonjwa. Wala kasi ya ngoma haimfai kila mtu. Watafiti wa Leuven walionyesha mwaka 2006 kwamba wagonjwa ambao miguu huganda wanafupisha hatua kipigo kinapoharakishwa, wakati wale wasioganda wanaweza kuvumilia kasi iliyoongezwa kidogo. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuazima kutoka kwenye mganda ile ngoma kubwa peke yake, ikipigwa wazi, sawasawa, kwa kasi iliyopimwa kutoka kwenye miguu ya mgonjwa mwenyewe. Namna ya kupima haina siri: mgonjwa anatembea mwendo wake wa kawaida kwa dakika moja, hatua zinahesabiwa, na mpigaji anaanzia idadi hiyo hiyo. Akiwa ni mtu wa kuganda, kasi inashushwa kidogo. Hilo mpigaji wa Kingerikiti analiweza vizuri kuliko mimi ninayeandika. Na kama hayupo siku hiyo, kipigo chake kinaweza kurekodiwa na kuwekwa kwenye memori kadi ya redio ndogo, zile ambazo watu huenda nazo shambani. Wapo watakaosema ngoma ya jadi haiwezi kuingizwa hospitalini. Tango ya Argentina iliingizwa. Madeleine Hackney na Gammon Earhart, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwachezesha wagonjwa tango, wakawapima, wakachapisha mwaka 2009 kwamba mizani ya mwili iliboreka. Tango haikuwa na utakatifu wowote wa kisayansi. Kulikuwa na watu walioona ina hatua za kwenda nyuma, kusimama na kuanza upya, yaani mambo yale yale yanayomshinda mgonjwa, wakaamua kupima. Mganda na kioda vinastahili kupimwa kwa heshima hiyo hiyo.

La tatu linaniuma zaidi, na nalichukulia kwa uzito wote. Je, kusifia ngoma si kuipa serikali kisingizio cha kutoleta dawa? Levodopa iko katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Mgonjwa wa Nyasa anaistahili sawa na wa Leuven, na hakuna kipigo kitakachomwezesha kugeuka kitandani usiku au kumeza chakula bila kupaliwa ugonjwa ukishakomaa. Wagonjwa wa Hai walitembea vizuri zaidi bila dawa, lakini hakuna anayeweza kusema hawakuihitaji. Ninavyoona, mdundo unaweza hata kuisogeza dawa karibu. Ugonjwa usio na huduma yoyote kijijini hauna daftari, na usio na daftari haumo kwenye maombi ya dawa. Zoezi la kila wiki linawakusanya wagonjwa mahali pamoja na kuwapa majina kwenye kumbukumbu za kituo cha afya, na hapo ndipo Hospitali ya Litembo au ya Mtakatifu Anna kule Liuli inaweza kusema tuna wagonjwa kadhaa, tunahitaji vidonge kadhaa.

Kuna pia hofu ya kuchanganya mambo. Ngoma kwa mgonjwa, katika fikra za wengi, ni ngoma ya kupunga pepo, na mzee anayetetemeka tayari ana minong'ono ya uchawi inayomzunguka. Nadhani jibu liko katika mahali na mwanga. Zoezi lifanyike mchana, uwanja wa zahanati au wa parokia, mganga wa zahanati akiwepo, na kabla ya ngoma kupigwa mara ya kwanza watu waelezwe kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi, haurithishwi kwa laana, na kwamba ngoma inapigwa kwa ajili ya miguu. Familia ikimwona baba yao akivuka uwanja kwa kufuata kipigo, huku jirani aliyemnong'ona akiangalia, maelezo yale yatakuwa na nguvu kuliko bango lolote ukutani.

Hatari iliyo halisi ni kuanguka. Mgonjwa aliyepata kasi mpya kwenye uwanja tambarare anaweza kuingiwa na ujasiri na kuipeleka kwenye mteremko uliolowa, na mfupa wa nyonga ukivunjika huku juu, safari ya kwenda Songea au Peramiho ni ndefu na ya maumivu. Kwa hiyo mazoezi ya mwezi wa kwanza yawe na mtu wa kutembea ubavuni mwa kila mgonjwa, na lengo la kwanza liwe urefu wa hatua na kuvuka vizingiti, kasi ije baadaye. Kisha tupime kwa uaminifu. Njia ya mita 10 ichorwe kwa chokaa, saa ya mkononi itumike, hatua zihesabiwe, na kila anguko la nyumbani liandikwe. Nusu ya wagonjwa waanze na ngoma, nusu waanze na matembezi ya kawaida ya muda ule ule, halafu wabadilishane. Wapimwe mwanzo, mwisho, na tena wiki 6 baadaye, kwa kuwa Leuven imetufundisha pa kutazama. Na kama matokeo yatakuwa mazuri, bajeti ya kwanza isiende kwenye mashine. Mpigaji ngoma aandikwe kwenye orodha ya wahudumu wa kituo, kwa siku anazopiga, na alipwe posho yake.